Nimepewa ramani ya zamani ya Alps: ni halisi, na naweza kutembea nayo?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi naongoza wapandaji Mlima Kilimanjaro, naishi Moshi. Kuna mzee wa Uswisi niliyempandisha miaka ya nyuma, tukawa tunawasiliana. Amefariki, na familia yake imenitumia ramani yake ya Alps. Imebandikwa kwenye kitambaa, inakunjwa, juu imeandikwa Jungfrau, skeli 1:50 000. Kontua (mistari ya urefu) ni za kahawia, maji ya buluu, maandishi meusi. Kuna mstari wa penseli nyekundu aliouchora mwenyewe: unaanzia Jungfraujoch, unashuka na barafu mpaka unatoka nje ya karatasi kwa chini. Mwanawe amenialika Julai tupite njia hiyo ya baba yake. Nimelinganisha na simu nikashangaa. Kilele cha Jungfrau kwenye ramani ni kirefu zaidi kwa mita nane au tisa, na barafu ni kubwa kuliko ya sasa. Rafiki yangu mmoja anasema ni feki, imechapwa ovyo. Mwingine anasema ni mali ya mamilioni. Ukweli ni upi? Niipige laminesheni nitembee nayo? Na ule mstari mwekundu niufute?"

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kwanza nakuomba usiende popote karibu na mashine ya laminesheni mpaka umalize kusoma. Hayo mengine yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua ni kwamba ramani hii haikubaliani na simu, na ukiwa na kazi ya kuongoza watu mlimani, ramani isiyokubaliana na hali halisi ni jambo la hatari. Wasiwasi wako ni wa haki. Ila marafiki zako wote wawili wamekosea, na tofauti ulizoziona hazikutokana na uchapaji mbovu. Kila moja ina sababu yake.

Kwa maelezo yako, karatasi hiyo inaelekea kuwa ya mfululizo unaojulikana kama ramani za Siegfried, uliopewa jina la Kanali Hermann Siegfried aliyeusimamia. Ulianza kutolewa mwaka 1870. Sehemu za tambarare zilichorwa kwa skeli ya 1:25 000, na milima ya Alps kwa 1:50 000, kwa rangi hizohizo tatu ulizozitaja. Kabla yake kulikuwa na ramani ya Jenerali Guillaume-Henri Dufour, karatasi 25 za skeli ya 1:100 000 zilizotolewa kati ya 1845 na 1865, ambazo hazikuwa na kontua. Miteremko ilionyeshwa kwa vistari vidogo vilivyochongwa kwenye bamba la shaba, vikikolezwa upande mmoja kana kwamba mwanga unatoka kaskazini-magharibi. Ni kazi nzuri mno kuitazama, lakini ukimuuliza mchoraji hapa nipo mita ngapi, hana jibu. Wapimaji wa Dufour walikuwa wamepima kontua huko nyanjani, ila hazikuchapishwa. Siegfried alizichukua karatasi zile za nyanjani, akaamuru zirekebishwe au zipimwe upya pale zilipokuwa dhaifu, akazichapisha. Kwa hiyo mwaka uliochapwa pembezoni mwa ramani yako hauwi lazima mwaka ambao mtu alisimama mlimani akapima. Kati ya hiyo miwili inaweza kupita miaka mingi.

Sasa tuje kwenye zile mita nane au tisa. Matoleo ya zamani yanaipa Jungfrau mita 4,166 au 4,167, na leo inaandikwa 4,158. Mlima haukushuka. Urefu wowote wa mlima ni jibu la swali "kutoka wapi?" Uswisi haina bahari, hivyo ilibidi wachague kitu kimoja kisichosogea, wakiunganishe na vipimo vya majirani waliopakana na bahari, kisha wapime nchi nzima kuanzia hapo. Walichagua jiwe linaloitwa Pierre du Niton, linalojitokeza majini ziwani pale Geneva. Karne ya 19 jiwe hilo lilihesabiwa kuwa mita 376.86 juu ya usawa wa bahari. Mwanzoni mwa karne ya 20 hesabu zilirudiwa kwa vipimo bora zaidi, likapatikana kuwa mita 373.6. Jiwe ni lilelile, ila kila mlima wa Uswisi ulipungua mita 3.26 kwenye karatasi. Ukikuta urefu wowote kwenye ramani yako, toa mita tatu na robo kwanza ndipo uulinganishe na simu.

Bado zinabaki kama mita tano. Hizo ni za upimaji wenyewe. Mpimaji wa wakati ule hakupanda kila kilele. Aliweka chombo chake mahali palipojulikana, akalenga kilele cha mbali, akasoma pembe, kisha akapiga hesabu. Ukilenga kilele kilicho kilomita 10 kutoka ulipo, ukakosea dakika moja tu ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, urefu unapotoka kwa karibu mita tatu. Ongeza na hewa: mwanga unaopita kwenye tabaka za hewa ya baridi na ya joto hupinda kidogo, kwa hiyo kilele unakiona mahali ambapo hakipo hasa. Halafu kuna theluji ya kileleni, ambayo haibaki na unene uleule mwaka hadi mwaka. Kwa vifaa vile, kukosea mita tano kwenye mlima wa mita elfu nne na ushee ni kazi ya kuheshimiwa. Wewe mwenyewe unawaambia wageni Uhuru ni mita 5,895, kipimo cha Waingereza cha mwaka 1952, na kibao cha kileleni kinasema hivyo. Vipimo vya setilaiti vya 1999 na 2008 vilipata kama 5,892. Hakuna aliyesema kibao ni feki.

Suala la barafu ni tofauti kabisa, na hapa ramani yako haijakosea. Imeandika kilichokuwepo. Mito ya barafu ya Alps ilifikia ukubwa wake wa mwisho katikati ya karne ya 19, mwishoni mwa kipindi kirefu cha baridi, na tangu hapo inarudi nyuma. Barafuto ya Aletsch, ndiyo hiyo inayoteremka kutoka Jungfraujoch na kubeba mstari mwekundu wa mzee, ndiyo ndefu kuliko zote katika Alps. Imefupika kama kilomita tatu tangu wakati ule. Kufupika kunaonekana kirahisi kwenye ramani. Kinachowakamata watu wasiojua ni kukonda, kwa sababu ukiitazama kutoka juu barafu inaonekana bado imejaza bonde vizuri.

Tafuta kwenye karatasi yako mahali panapoitwa Konkordia, pale mikono mikubwa ya barafu inapokutana na kuwa uwanja mmoja mpana. Pembeni mwa uwanja huo, juu ya mwamba, pana kibanda cha wapandaji kilichojengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1877. Angalia kontua za buluu zilizo kwenye barafu, kisha uone urefu wa mahali pa kibanda. Utaona kwamba kwenye ramani mtu anatoka kwenye barafu na kupanda mteremko usio mrefu. Leo kutoka kwenye barafu hadi mlangoni unapanda ngazi za chuma zilizofungwa kwenye ukuta wa mwamba, vidato zaidi ya 400, na kila barafu inapozidi kushuka inabidi waongeze vingine kwa chini. Ukiufuata mstari mwekundu kama ulivyochorwa, kuna mahali ungekuwa unatembea hewani.

Wewe hili hulihitaji kuelezwa sana, maana unapita barafuto ya Furtwängler pale kreta kila msimu na unajua ilivyokuwa ulipoanza kazi. Lakini umewahi kujiuliza inajulikanaje kwamba barafu ya Kilimanjaro ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 11 mwaka 1912, na chini ya 2 mwaka 2011? Tarakimu hiyo ya kwanza inatokana na ramani ya zamani, ile aliyoipima Mjerumani Fritz Klute kwa kupiga picha kutoka sehemu mbalimbali za mlima na kupigia hesabu picha hizo. Ramani ambazo watu huziona zimepitwa na wakati ndizo zinazowapa wataalamu wa barafu mahali pa kuanzia kuhesabu.

Rafiki yako wa kwanza, yule wa feki, hapa ana nusu ya hoja bila kujua. Urefu wa zamani na barafu kubwa vinathibitisha kwamba taarifa ni za zamani. Havithibitishi kwamba karatasi ni ya zamani, kwa sababu nakala iliyochapwa juzi ingebeba taarifa zilezile. Ili kujua karatasi yenyewe, tafuta kioo cha kukuzia, kile cha sonara cha mara kumi kinafaa sana, na uende nje kwenye mwanga wa mchana. Weka kioo juu ya mstari wa buluu au kontua ya kahawia. Ukiona mstari ni wino mmoja, umejaa, kingo zake safi, hiyo ni dalili njema: ramani za wakati ule zilichapwa kila rangi peke yake, kutoka kwenye jiwe au bamba la shaba. Ukiona mstari umeundwa na vinukta vidogovidogo vya rangi mbalimbali vilivyopangana, hiyo ni nakala ya kisasa. Angalia pia pale rangi mbili zinapokutana, kwa mfano kijito cha buluu kinapokata kontua. Kwenye ramani halisi mara nyingi rangi hazikukaa sawasawa kabisa, zimepishana kwa upana wa unywele. Kasoro hiyo ni ya kawaida, na pengine ndiyo iliyomfanya rafiki yako aseme imechapwa ovyo.

Kitambaa nacho kinaongeza imani. Kabla ya karatasi za plastiki, watu wa milimani walikata ramani vipande, wakavibandika kwenye kitani huku wakiacha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, ili mkunjo upite kwenye kitambaa na karatasi isivunjike. Hakuna anayejisumbua hivyo kwa ajili ya nakala ya ukumbusho.

Kuhusu umri, soma pembezoni, chini na juu, utafute mwaka wa toleo na maneno ya marekebisho. Kisha tafuta reli. Ujenzi wa reli ya Jungfrau ulianza 1896, na kituo cha Jungfraujoch, mita 3,454, kilifunguliwa Agosti 1912. Kama njia ya treni imechorwa ikiingia ndani ya mlima mpaka kwenye kituo hicho, una toleo la baada ya hapo. Kama haipo kabisa, ni la zamani zaidi. Nadhani utakuta jambo moja la kupendeza: ramani mpya za taifa zilianza kuchukua nafasi ya zile za Siegfried kuanzia 1938. Kama mzee wako alikuwa kijana miaka ya hamsini, basi alitembea na ramani ambayo tayari ilikuwa ya kizamani. Huenda naye aliipewa na mtu. Muulize mwanawe.

Thamani? Hapa namvunja moyo rafiki yako wa pili. Ramani hizi zilichapishwa kwa wingi, jeshi lilizitumia, shule zilizitumia, wapandaji walizitumia, na zimebaki nyingi. Kwa wauza vitu vya kale huko Uswisi, karatasi moja ya kawaida huuzwa kwa makumi ya faranga. Hali nzuri sana au toleo la kwanza kabisa vinapandisha kidogo. Mstari wa penseli unaishusha bei kwa mnunuzi wa kawaida. Mtu akikuambia inalipa shamba, ana lake jambo. Kama unaiweka kwa sababu ya mzee, basi bei haina uzito katika uamuzi wako, na ningekushauri usiiuze.

Sasa kutembea nayo. Jibu langu ni hapana kwa kuongozea njia, na ndiyo kwa kuitazama mkiwa mmekaa. Barafu peke yake inatosha kuwa sababu, lakini zipo nyingine. Kontua za karatasi yako zimeachana kwa mita 30, wakati za kisasa katika Alps ni mita 20. Ukuta wa mita 25 unaweza kujificha wote katikati ya kontua mbili za ramani yako bila kuacha alama. Miamba imechorwa kwa mkono, kwa ustadi ambao hata leo unasifiwa, lakini ule mchoro unakuambia mwamba una sura gani, haukuambii urefu wake. Gridi yake ilijengwa kwa hesabu tofauti na ya leo, kwa hiyo namba za simu hazitakaa mahali pake ukijaribu kuziweka juu yake. Na kama mzee aliandika pembe zozote za dira pembezoni, usizitumie: mwishoni mwa karne ya 19 sindano ya dira huko ilielekea zaidi ya digrii 10 magharibi ya kaskazini halisi, na sasa inaelekea digrii chache mashariki.

Kwa safari yenyewe, nunueni karatasi ya sasa ya 1:25 000, au pakua programu ya swisstopo, ofisi ya taifa ya ramani ya Uswisi, ambayo ni ya bure. Ofisi hiyohiyo imeweka ramani zake zote za zamani mtandaoni, tangu za Dufour, na unaweza kuchagua mwaka na kuona bonde hilohilo likibadilika. Usiku mmoja ukiwa na bando la kutosha, fungua Konkordia ya miaka ya 1880 halafu uje nayo taratibu hadi leo. Karatasi ya kusini, inayoitwa Aletschgletscher, ndiyo itakayokuonyesha mstari wa mzee ulielekea wapi baada ya kutoka kwenye yako. Nadhani ulikwenda Märjelen, maana ndiyo njia ya kawaida ya siku mbili. Hapo utakuta kwenye ramani za zamani ziwa refu limeegemea ukuta wa barafu. Barafu iliposhuka, ziwa lilikosa kizuizi, na leo yamebaki maji madogo tu.

Niseme na hili bila kukuzunguka, kwa sababu najua wewe ni mtu wa mlima na unaweza kuona aibu kuongozwa. Uzoefu wako wa Kilimanjaro utakusaidia kwenye pumzi, kwenye mwendo na kwenye kumsoma mwenzako anayeanza kuugua. Hautakusaidia kwenye mipasuko ya barafu. Njia zetu za kawaida za Kilimanjaro hazikulazimishi kufungana kamba na kuvuka barafu inayotembea. Aletsch inatembea, inapasuka, na Julai mipasuko mingi bado imefunikwa na daraja la theluji linaloweza kubeba mtu asubuhi na kukataa mchana. Njia za miguu za Uswisi zina alama: njano kwa njia za kawaida, nyeupe-nyekundu-nyeupe kwa za mlimani, nyeupe-buluu-nyeupe kwa zile ngumu zinazohitaji vifaa. Katikati ya barafu hakuna alama yoyote. Mwajirini mwongozaji wa eneo hilo mwenye cheti, hata kama mwanawe anasema anaijua njia. Wewe ungemruhusu mgeni apande Kilimanjaro kwa njia ya Western Breach bila mwongozaji kwa sababu tu babake alishapita?

Turudi kwenye laminesheni. Mashine ile inayeyusha gundi kwa joto na kuiingiza ndani ya nyuzi za karatasi, na kitambaa cha nyuma kitazuia isishike sawasawa, kwa hiyo utapata mapovu na mikunjo ya kudumu. Haitoki tena. Hata mtaalamu wa kukarabati karatasi atakuambia amechelewa. Selotepu ni ndugu yake: ikizeeka inaacha doa la kahawia linalopenya. Usibandike.

Badala yake, peleka ramani kwenye stesheneri yenye skana ya bapa, ile ya kulaza karatasi juu ya kioo. Usikubali mashine ya kuivuta kwa roli, itang'oa vipande. Iskaniwe kwa nukta 400 kwa inchi au zaidi, vipande vipande kama ni lazima, kisha viunganishwe kwenye kompyuta. Chapa nakala, hiyo ndiyo uipige laminesheni, uichore, uilowanishe, ubebe mlimani. Yenyewe ibaki nyumbani imelala bapa ndani ya jalada au kati ya karatasi zisizo na asidi, kabatini, mbali na ukuta wa nje na mbali na jikoni. Ukitaka kuitundika, fremu iwe na kadi inayoitenganisha na kioo, na ukuta usiopigwa na jua. Masika ya Moshi yana unyevu wa kutosha kuotesha ukungu, hivyo ikague mvua zikiisha. Ukiona madoa yenye manyoya ya kijivu au kijani, usifute kwa kitambaa chenye maji. Itenge na vitabu vingine, iache kwenye hewa kavu kivulini, kisha tafuta mtu wa uhifadhi wa nyaraka katika makumbusho au nyaraka za taifa aitazame kwa macho. Hali kadhalika kama kipande kimeanza kuachana na kitambaa. Gundi ya dukani usiiguse.

Mstari mwekundu usiufute. Kifutio kitachukua wino na uso wa karatasi pamoja na penseli, na hata kama kingeondoa penseli peke yake, ningesema uuache. Hiyo ndiyo alama pekee kwenye karatasi yote inayotofautisha nakala yako na nyingine zilizochapwa siku hiyo. Mkifika Konkordia, muulize mwanawe kama anajua mwaka ambao baba yake alipita, alikuwa na nani, na walilala wapi. Yaandike kwenye karatasi nyingine, si nyuma ya ramani, uyaweke ndani ya jalada lilelile. Na mpige picha mkiwa chini ya zile ngazi za chuma, simu ikiwa imewashwa eneo, ili picha ibaki na namba za mahali na urefu wa barafu mwaka huu.